Utaji na Mshono wa Cherehani

Sehemu ya Tisa

Kama umeshika pumzi tangu juma lililopita, msomaji, iachie. Padre bado amesimama mlangoni mwa sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, mkono juu ya komeo, na Sindano bado ameshika kitu ambacho hakuruhusiwa kukichunguza.

Kwa wewe unayejiunga nasi leo, habari ni fupi. Sindano ni fundi wa kushona. Jina hilo alipewa na mtaa kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Asubuhi hiyo aliitwa kanisani kubadilisha velveti ya ndani ya sanduku la kioo, lile ambamo umelazwa utaji unaosemwa kuwa ulifunika kichwa cha Mama Bikira Maria. Watu husafiri siku mbili kuja kugusa kioo chake. Sindano aliambiwa auhamishe utaji kwa uangalifu, amalize kazi, aondoke. Akageuza pindo. Akaona alichokiona, na nyuma yake mlango ukalia.

"Umeona nini?" Padre aliuliza.

"Mshono."

"Kila nguo ina mshono."

"Huu ni wa cherehani, Padre."

Padre alifunga mlango, akaja taratibu mpaka mezani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kujaza kanisa zima bila kipaza sauti, lakini hapo ilimtoka nyembamba.

"Una hakika?"

Sindano alimsogezea lenzi. "Tazama mwenyewe. Uzi mmoja juu, mmoja chini, zinashikana katikati ya kitambaa. Hatua za sindano ziko sawasawa kama meno ya kitana. Mkono wa mtu haushoni hivyo. Na Bikira Maria hakuwa na cherehani."

Padre alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji, kisha akaketi kwenye kiti cha watumishi wa altare, kifupi mno kwake, magoti yakamfika kifuani.

"Miaka tisa niko hapa," alisema. "Kila sikukuu nauinua mbele ya watu. Sikujua."

Sindano alimwonea huruma. Huruma yenyewe haikudumu dakika mbili.

"Leo saa tisa anafika mjumbe wa askofu," Padre aliendelea. "Anataka barua ya fundi, iseme kwamba utaji ni wa kale. Nilipanga kukuomba wewe. Karatasi iko tayari, ni kutia sahihi tu."

"Nitie sahihi uongo."

"Si uongo. Unasema kitambaa ni cha zamani. Zamani ni neno pana."

"Kwenu labda. Kwangu cherehani ina umri wake."

"Hawa watu hawaji kuabudu mshono, Fundi. Wanakuja na maumivu yao. Kuna mama alikuja hapa hajasema neno tangu azike wanawe wawili. Aliondoka anasema. Nimwite nimwambie nini? Kwamba airudishe sauti?"

Sindano alichukua lenzi yake kutoka mkononi mwa Padre. Naye alikuwa na neno lake.

"Dada yangu ameacha dawa," alisema.

Dada huyo ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani, na ana kifafa tangu utotoni. Siku ishirini zilizopita alikwenda kugusa kioo cha utaji, akahisi joto kiganjani. Kando ya sanduku kuna ubao wa shukrani, pale waliopona wanapotundika magongo yao na miwani yao. Akafunga hapo chupa yake ya vidonge kwa utepe mweupe. Tangu siku hiyo hajameza hata kimoja.

"Mimi sikumwambia aache," Padre alisema.

"Ulimtangaza kwenye ibada. Watu wakapiga makofi. Nilikuwepo, Padre, nilikuwa benchi la tatu."

Padre aliinamisha uso.

Sindano aliulaza utaji juu ya velveti mpya, akanyoosha kila kunjo, maana kazi ni kazi. Akafunika kioo. Akatia tepu na lenzi mfukoni, mkasi akabaki nao mkononi.

"Sitii sahihi," alisema, akatoka.

Ndani ya kanisa foleni ilikuwa imeshafika nusu. Sindano hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa shukrani, akaiona chupa ya dada yake katikati ya miwani na mkongojo wa mtoto, jina lake likisomeka vizuri kwenye lebo ya hospitali.

"Hiyo haiguswi," alisema mzee wa kanisa, beji kifuani, akimwekea mkono mbele. "Ni mali ya Utaji."

"Utaji hauna kifafa."

"Mama, usitutukanie imani."

"Sijatukana. Nimesoma lebo."

Akakata utepe. Foleni yote iligeuza shingo. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Mungu anamwona.

"Aone," Sindano alijibu bila kusimama. "Nataka aone."

* * *

Kwa dobi, kwenye duka la kufulia anakofanya kazi dada yake, kuna joto la mvuke na harufu ya sabuni ya unga. Dada alikuwa kwenye meza ya pasi, aproni kiunoni, akiimba chini kwa chini.

Ili uelewe wimbo huo, ujue kwamba miaka minne mwenye dobi alimkataza kukaribia pasi, baada ya kuanguka nayo na kuungua mkono. Akawekwa nyuma, kukunja taulo. Alipotangazwa kanisani kuwa amepona, mwenye dobi alimrudisha mezani. Alisimama pale kama mtu aliyerudishiwa funguo za nyumba yake.

Sindano aliweka chupa juu ya rundo la mashuka.

Dada aliitupia jicho, akaendelea na pasi. "Umeiba kanisani."

"Nimechukua kilicho chako."

"Nilikitoa mwenyewe."

"Dada, nisikilize. Ule utaji umeshonwa kwa cherehani. Nimeuona leo kwa macho yangu. Si wa Bikira."

Alitegemea machozi. Alijiandaa hata kwa kofi. Dada alikutanisha kona na kona ya shuka, akalikunja mara mbili.

"Najua," alisema. "Ni wa mama."

Sindano alishika ukingo wa meza, akauachia haraka. Ulikuwa wa moto.

"Mama yupi?"

"Una mama wangapi? Mama yetu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, wewe nimekubeba mgongoni. Sista Funguo, yule mtawa wa kanisani, alikuja na kitani ndani ya kikapu, akasimama nyuma ya mama mpaka pindo likaisha. Uzi wa juu mweupe, wa chini rangi ya maziwa. Unamkumbuka mama, hakuweka rangi moja juu na chini. Alisema ukikosea unajua unafumua upi. Aliniapisha nisiseme, na sikusema."

Uzi wa chini rangi ya maziwa. Sindano alikuwa ameuona asubuhi ile ndani ya lenzi. Alijifunza kushona miguuni pa mwanamke yule, na bado moyo wake ulikuwa umekataa kuutambua.

"Sasa ulikwenda kugusa nini?"

"Kitu alichokishona mama. Utaji wa Bikira sijui kama ulikuwepo. Mikono ya mama naijua. Niliweka kiganja pale kwenye kioo, nikahisi anavyonishika kichwa nikianguka. Haya, nicheke."

"Sicheki."

"Basi niachie imani yangu."

Alichotaka Sindano kusema kilikuwa kikali, akakisema.

"Mikono hiyohiyo ndiyo ilikuwa inakupa kidonge kila asubuhi. Halafu anakwambia fungua mdomo, inua ulimi, anachungulia kama umemeza. Hiyo nayo umeisahau?"

Dada alifungua mdomo amjibu. Jibu halikutoka.

Usidhani alikosa maneno, msomaji. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu. Pasi ilikuwa imetua juu ya shuka na haisogei. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kando ya vidole vyake.

Sindano aling'oa waya ukutani kwa mkono mmoja, wa pili akamzunguka dada kiunoni. Akaanza kuhesabu, kama mama alivyowafundisha. Alipofika kumi na nane, dada alipepesa macho.

"Nilikuwa nasema nini?"

"Hukusema."

Katikati ya shuka jeupe la watu palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, imekamilika kama mguu uliokanyaga tope. Dada aliitazama. Mwenye dobi naye alikuwa mlango wa nyuma, ameona yote. Hakugomba. Alikuja, akainua pasi, akaipandisha rafu ya juu, akarudi alikotoka. Angegomba ingekuwa nafuu.

"Ni ya ngapi tangu uache?" Sindano aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya nne. Hizo za nyumbani sikukwambia."

Dada alivua aproni, akaivaa tena, kwa kuwa hakujua mikono yake aipeleke wapi. Kisha akaivuta chupa. Akatoa kidonge kimoja, akakimeza bila maji, akafungua mdomo, akainua ulimi, akamwonyesha mdogo wake.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Na bado naamini. Usije ukadhani umenishinda."

"Sijaja kukushinda. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki."

"Na leo unakwenda wapi na uso huo?"

"Kanisani," Sindano alisema. "Kuna mtu ana karatasi yangu."

* * *

Saa tisa kamili mjumbe wa askofu alikuwa ameketi kwenye kiti cha Padre, ndani ya ofisi ya parokia. Padre mwenyewe alikuwa amesimama. Kwenye kona, karibu na kabati la vitabu vya ubatizo, alisimama Sista Funguo, mtawa mzee mtunza sakristia, ambaye kishada cha funguo kiunoni kilikuwa kimemvuta bega moja chini kwa miaka mingi.

Mjumbe alikuwa mtu mdogo, nadhifu, mwenye kalamu nzuri. Alimsogezea Sindano karatasi.

"Wewe ndiye fundi. Vizuri. Hapo chini."

Sindano alisoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, fundi mwenye uzoefu, amekikagua kitambaa na kuridhika kwamba ni cha kale sana. Akaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko uleule anaoandikia vipimo vya wateja, aliandika: Utaji ulio kwenye sanduku la kioo umeshonwa kwa cherehani na mama yangu mzazi. Akatia sahihi, akaisukuma irudi.

Mjumbe alisoma mara moja. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya joho lake.

"Karatasi hii haipo," alisema. "Na wewe leo hukufika hapa."

"Mimi nipo. Na mdomo ninao, na wateja ninao mtaa mzima."

"Unajua ni watu wangapi wataanguka kiimani kwa ajili ya mdomo wako?"

"Namjua mmoja atakayeanguka kweli, na pasi mkononi. Huyo ananitosha."

"Padre," mjumbe aligeuka, "mwambie huyu mwanamke."

Padre alikuwa anatazama sakafu. Aliponyanyua uso, Sindano alishangaa. Ile sauti kubwa ilikuwa imerudi.

"Nimwambie nini, Baba? Nimeangalia kwa lenzi. Anasema kweli. Jumapili nitawaambia watu mwenyewe."

Kisha funguo zikalia kwenye kona.

"Mwandike na jina langu," alisema Sista Funguo. "Kitani nilipeleka mimi."

Alizungumza amesimama, mkono kwenye kabati, bila kumwangalia mjumbe. Zamani, alisema, utaji ulikuwa wazi, hauna kioo. Watu waliruhusiwa kuubusu. Na kila aliyebusu alichomoa uzi kidogo kwa meno au kwa ukucha, akaenda nao kwa mgonjwa wake. Hakuna aliyekuwa mwizi, kila mmoja alikuwa na mgonjwa. Mwisho utaji ukabaki kama wavu, unapitisha mwanga.

"Nikaogopa," alisema. "Nikaona mwaka mmoja tena hautakuwepo, na kosa litakuwa langu. Nikaenda kwa mama yako. Nikamwomba ashone mwingine wa kuwekwa mbele ya watu, ule wa kale upumzike. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nililia, akawasha taa ya cherehani."

"Na hukumwambia mtu," Sindano alisema.

"Nilingoja aulize mtu. Hakuuliza mtu miaka thelathini na minne."

"Sista, na ule wa kale, ndio wenyewe? Ulikuwa wa Bikira kweli?"

Sista alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata akiulizwa saa.

"Sijui, mwanangu. Niliukuta, kama wewe ulivyoukuta huu. Niliupigia magoti ule, nikaupigia magoti na huu nikijua umetoka wapi. Nilisikilizwa kote kuwili. Hilo ndilo ninaloweza kuapa."

Mjumbe wa askofu alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hofu ilikuwa imetoka, pameingia kitu kama njaa.

"Wa kale uko wapi?"

Sista alishika kishada cha funguo zake.

"Sista, nakuuliza kwa kiapo chako cha utii."

Mzee yule alimtazama Sindano, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Mama yako alininyamazia miaka ishirini na nane," alisema. "Hakuna aliyemshukuru. Alipofariki, mimi ndiye niliyemvika. Ninyi mlikuwa nje mnapokea watu. Niliutoa kwenye droo yangu, nikamfunika nao uso. Kisha nikafunga jeneza."

Sindano aliisikia saa ya ukutani. Miaka sita amekuwa akipalilia majani juu ya kaburi lile, yeye na dada, kila mwezi.

"Makaburi ni ardhi ya parokia?" mjumbe aliuliza.

"Ndiyo," Padre alisema polepole.

"Basi ni jambo la ndani. Utafukuliwa leo, kabla maneno hayajatoka nje. Wataalamu watatuambia kama ni wenyewe."

"Mama yangu si kabati lenu," Sindano alisema.

"Binti, hicho ni kitu kitakatifu."

"Na yule aliyelala chini yake ni nini?"

Mjumbe alishaanza kubonyeza simu. Sindano alimtazama Padre, akingoja ile sauti kubwa itoke tena. Padre aligeukia dirisha.

"Sawa," Sindano alisema. "Mtaanza kunifukua mimi."

* * *

Makaburi yako nyuma ya ukuta wa kanisa, safu kwa safu, mengine yamesakafiwa, mengine udongo mtupu. La mama lina ukingo wa saruji na msalaba wa chuma uliopakwa rangi ya fedha. Sindano alikaa juu yake, katikati kabisa, akavuta sketi ikafunika magoti.

Jua lilikuwa bado kali. Hazikupita dakika ishirini, dada akaja na aproni yake ya dobi, anahema.

"Sista kanipitia. Kaniambia yote."

"Ukae kivulini, umetoka kuumwa."

Dada alikaa hapohapo, bega kwa bega naye.

"Wewe si huamini?" dada aliuliza. "Kitambaa tu, unasema. Waache wakichukue."

"Kitambaa wakichukue hata leo. Mama hawamgusi."

"Mimi naamini," dada alisema. "Na mimi nasema hawamgusi."

Sindano alitaka kucheka, ikashindikana, akamshika mkono. Ulikuwa na harufu ya shuka lililoungua.

Saa kumi na nusu lango la chuma lilisukumwa. Waliingia watu wanne. Mbele alikuwa mjumbe wa askofu, ameinua joho lisiguse vumbi. Nyuma yake vibarua wawili wa makaburi, wamebeba kamba na mtaimbo, wakiangalia pembeni kama watu waliotumwa wasichokipenda.

Wa nne alikuwa Padre. Alikuwa amevua kanzu, mikono ya shati ameikunja mpaka kwenye viwiko, na begani amebeba sepetu.

Dada aliingiza mkono wake ndani ya mkono wa Sindano, akaufunga kwa nguvu.

Padre aliongeza hatua. Alimpita mjumbe, akawapita vibarua, akafika kaburini wa kwanza. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Aliwatazama dada wale wawili, akautazama msalaba wa mama yao, akaishusha sepetu kutoka begani.

"Sogeeni," alisema.

Na hapo, msomaji, shika pumzi tena mpaka juma lijalo.